Kona ya Juu ya Dirisha la Sita

Jumatatu, 11 Machi

Kaka Bomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba cheo kipya hakijakunenepesha shingo. Sisi huku tupo. Mtoto ametimiza wiki tatu na ana pua yako, pole yake.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na simu ikilia masikio yote yanahamia kwangu. Ninalotaka kukuuliza halifai kusemwa mbele ya baba mkwe.

Unalikumbuka lile jengo la ofisi la ghorofa sita, lenye vioo mbele, tulilokwenda kumwagia maji madirisha yake Agosti, tukiyapima kama yanavuja? Linavuja. Mvua za wiki iliyopita zimeingia ghorofa ya tatu, chumba cha mikutano, juu ya dirisha la sita. Dari limevimba likaporomokea juu ya meza. Bahati nzuri watu walikuwa wametoka kula. Walipoupasua ukuta wakakuta maji yamekuwa yakipita humo ndani kwa miezi, chuma chote kimeota kutu.

Sasa anatafutwa wa kubebeshwa mzigo. Mhandisi wa mwenye jengo aliita mkutano, na baba mkwe, kwa kuwa ndiye aliyeweka vioo vyote vya pale, akavaa koti akaenda, akidhani anaitwa kutoa ushauri. Alikuta watu kumi na mmoja wameketi, na katikati ya meza ipo fomu yetu ya vipimo. Dirisha la sita: kavu. Sahihi yako, sahihi yangu. Mhandisi akasema, "Agosti lilikuwa kavu, leo linavuja. Nani alilifungua hapo katikati?" Na unajua Mzee alirudi pale Septemba kubadilisha kioo kilichopasuka cha dirisha la saba. Basi wakamkalia kooni: alilifungua na la sita, akakwangua silikoni nzuri ya kuzibia, akaweka ya kubahatisha, kisha akanyamaza. Mzee anasema hakuligusa. Lakini karatasi ina sahihi mbili, yeye ana mdomo mmoja.

Kaka, mtu huyu ameweka vioo miaka thelathini na minane. Mtaa mzima unamwita Mzee Timazi kwa sababu hajawahi kuacha kitu chake kimeinama. Siku ile alirudi, akavua koti, akakaa nalo mapajani mpaka chai ikapoa.

Naomba unitafutie daftari lako la siku ile, lile unaloandika hadi rangi ya mawingu. Labda limo neno la kumsaidia. Na wewe unakumbuka vipi tulivyolipima la sita? Mimi nakumbuka kulikuwa na upepo tu.

Mdogo wako,
Tochi

*

Jumanne, 19 Machi

Mdogo wangu Tochi,

Marahaba, na hongera tena kwa mtoto. Pua yangu imewahi kukataliwa na wengi, nashukuru imepata makao.

Huku mambo ni moto. Wamenipa ofisi yenye mlango, na mlangoni pana kibao cha "Mkuu wa Vipimo". Kila asubuhi nakisoma mara mbili nihakikishe sijaingia chumba cha mtu. Tumenunua mashine mpya ya kufyonza hewa: unabandika plastiki dirishani kwa ndani, mashine inavuta, na maji ya nje yanadhani dhoruba imefika. Juzi msaidizi wangu aliegemea ile plastiki, suruali ikafyonzwa. Ilibidi tuzime mashine ili aokoke na heshima yake. Mwambie shemeji, najua atavunjika mbavu.

Kuhusu lile jengo, usijisumbue. Daftari nadhani lilibaki kwenye sanduku fulani wakati wa kuhama, sina hakika ni lipi. Lakini la kutafuta ni nini? Tulipima, tukaandika. Kavu ni kavu. Ofisi yangu hii nimeipata kwa ajili ya jengo lile, na mwenye jengo mwenyewe alinisifia kwa barua. Sisi kwa upande wetu tuko safi.

Mzee namheshimu, unajua hivyo. Ila tuseme ukweli, ana miaka sabini na ushee. Alikuwa pale Septemba, dirisha la saba na la sita yanashikana bega. Huenda alifungua fremu kidogo apate nafasi ya kuingiza kioo, akairudisha, na jambo likamtoka kichwani. Wazee wanasahau, si dhambi. Akikubali hivyo kwa upole, mwenye jengo atamwelewa na yataisha.

Mbusu mtoto puani.

Kaka yako,
Bomba

*

Jumatano, 3 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako iliyopita imeleta balaa, na nusu ya kosa ni langu kwa kutokukuonya. Barua zangu huchukuliwa posta na mume wangu, na kwa kuwa vichekesho vyako anavipenda, huzifungua na kutusomea mezani. Alisoma ile ya suruali, tukacheka wote, Mzee akacheka hadi akakohoa. Kwa raha ileile mume wangu akaendelea kusoma, na alipofika pale pa "wazee wanasahau" mdomo ulikuwa umeshatangulia. Mzee alimaliza chakula chake, akaosha sahani yake, akaenda kukaa nje.

Tangu siku hiyo amebadilika. Jiko la gesi analikagua mara nne kabla ya kutoka. Ana penseli yake ya kazi, ile bapa, anaandika nayo vitu kiganjani: funguo, dawa, siku ya leo. Majuzi nilimkuta ameandika jina la mtoto wangu. Mjukuu wake mwenyewe, Kaka. Alikuwa akimbeba kila asubuhi kumshusha ngazi aote jua, sasa hataki hata kumpokea. Nilipomuuliza alinijibu, "Mtu aliyesahau dirisha zima ataacha mtoto kwenye ngazi."

Mume wangu amempeleka kwa daktari. Daktari akamuuliza ni siku gani, mwezi gani, ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba kutoka mia. Alijibu yote. Daktari akasema kwa umri wake yuko vizuri, ila dalili za mwanzo huwa hazionekani. Mzee alikishika kile kipande cha mwisho tu. Amewapa mafundi wenzake vile vikombe vyake vya mpira vya kunyanyulia vioo, vyote sita. Ukutani pamebaki misumari.

Mhandisi amemletea maelezo yaliyokwisha kuchapwa: kwamba alilifungua dirisha la sita baada ya vipimo. Akisaini kabla ya tarehe 26 hawatamshitaki, watamfuta tu kwenye orodha ya mafundi. Nilimwambia, "Baba, usisaini jambo usilolikumbuka." Akaniambia, "Sikumbuki kulifungua. Lakini sasa hata kutokukumbuka kwangu sikuamini."

Daftari umelipata?

Ukijibu, tuma kwa mshona nguo wa chini ya ghorofa yetu. Yeye barua za watu hafungui, ana zake za kutosha.

Tochi

*

Jumanne, 9 Aprili

Tochi,

Asisaini. Mfichie kalamu, mfichie miwani, mwambie kaka yako amesema asubiri. Usiniulize. Sababu naijua mimi, nitakuandikia nikipata pa kuanzia.

Na yale niliyoandika kuhusu wazee, chana.

Bomba

*

Jumatatu, 15 Aprili

Kaka,

Kumbe ulijua. Nimeisoma barua yako mara kumi, mistari yenyewe mitatu, na kila mara naona jina langu ndani yake. "Sababu naijua mimi." Siku zote hizi nimekaa nalo rohoni nikidhani ni langu peke yangu, kumbe wewe ulilisikia kwenye redio yetu ya mkononi siku ileile ukanihifadhi. Basi ngoja niseme mwenyewe, usipate taabu ya kutafuta pa kuanzia.

Asubuhi ile ya Agosti wewe ulikuwa nje na mpira wa maji, kwenye jukwaa linaloning'inia kwa kamba. Mimi nilikuwa ndani na tochi, ngazi, na karatasi laini ya kupapasia viungo vya kioo na fremu. Wewe unamwagia kiungo kimoja dakika tano, mimi nakitazama kiungo hichohicho kwa upande wangu, ukiuliza "Vipi?" nakujibu. Ndivyo tulivyopima madirisha matano, kwa utaratibu wake, chini kwenda juu.

Dirisha la sita tulianza vizuri. Tulipofika kona ya juu kabisa ilibidi nipande hadi kipago cha mwisho cha ngazi. Sikupanda. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, Kaka, na sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu unajua ofisi yetu: ukisema tu, kesho umehamishiwa kwenye mafaili. Kichwa kilinizunguka nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Nikasikia redio: "Vipi?"

Nikajibu, "Bado."

Maana yangu ilikuwa bado sijapanda. Bado sijatazama, ningoje. Nilijipa dakika moja nipumue. Halafu nikasikia maji yamekatika, na wewe unawaambia wale wa kamba wakushushe. Hapo ndipo nikaelewa umesikia bado haijavuja.

Ningeweza kukuita palepale. Redio ilikuwa mkononi. Lakini ningekuambia nini, kwamba mtazamaji alikuwa amekaa kwenye ndoo? Nikajiambia, hii ni kazi ya Mzee Timazi, kona ya baba mkwe wangu itavujaje. Nikaja chini, nikasaini.

Ile kona sikuiona. Nilitia sahihi kwamba nimeiona. Naye yupo chumba cha pili, anajiandikia jina la mwanangu kiganjani ili asilisahau, na kila siku namwandalia chai nikimtazama usoni. Naumia, lakini kuumia kwangu hakumsaidii kitu.

Nakuomba uniruhusu nimwambie mhandisi. Najua na wewe utaguswa, lakini kosa la ndani ni langu, wewe ulimwaga maji yako vizuri.

Mdogo wako asiyestahili,
Tochi

*

Jumapili, 21 Aprili

Mdogo wangu,

Sikujua. Naapa, lile la ndoo nimelisoma kwenye barua yako kwa mara ya kwanza. Nilipoandika "sababu naijua" nilikuwa najisema mimi.

Kabla sijafika huko, nikuambie kitu kibaya zaidi, maana nimechoka kuchagua ya kusema. Niliposoma barua yako nilifurahi. Karibu nusu saa nilitembea ofisini nimefurahi kwa sababu nilikuwa nimepata pa kuutua mzigo. Ungesema wewe, ungelaumiwa wewe, na mimi ningebaki yule aliyemwaga maji yake vizuri. Nilifika hadi kuchukua karatasi nikuandikie, "Sawa, mwambie." Nikayaona maneno hayo kwa mwandiko wangu, nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona haya maishani.

Sasa sikia. Unajua utaratibu wa nje, lakini hukuwahi kuufanya. Tunaanza chini kwa sababu maji hushuka. Ukianza juu, yanateremka kwenye viungo vyote na hutajua kipi kimeyaingiza. Ndiyo maana kabla ya kuanza viungo vya juu vyote hufunikwa plastiki kwa utepe wa gundi, halafu unabandua kimoja kimoja kadiri unavyopanda. Kila ninachotaka kukimwagia, kwanza nakivua.

Ile kona ya juu sikuivua.

Upepo ulikuwa unalibembeza jukwaa, mkono mmoja nimeshika kamba, mkono mwingine mpira. Nilichotaka ni kuteremka. Nikaelekeza maji pale, dakika tano kamili kwa saa yangu, juu ya plastiki. Ukasema "bado." Nikaandika kavu.

Niligundua nikiwa barabarani, nafunga vyombo. Niliinua macho nikaiona plastiki inang'aa pale juu kwenye kona. Wale wa kamba walikuwa wameshaondoka na jukwaa. Ningeweza kuwaita kesho yake. Nilichokifanya ni kujiambia maneno yaleyale uliyojiambia wewe: hii ni kazi ya Mzee Timazi. Nikamwacha mfuta vioo aje kuibandua wiki iliyofuata, nikapeleka fomu, nikasifiwa, nikapewa mlango wenye kibao.

Kwa hiyo maji hayakuigusa kona ile, wala jicho halikuitazama. Na bado karatasi ina sahihi mbili, za ndugu wa damu, zinazoapa ni kavu. Ofisini walijua ni mkwe wetu, wakafanya utani tu, "haya kampimeni baba yenu." Tungekataa siku ile.

Daftari halikupotea. Lipo kwenye droo ya meza hii. Ukurasa wa dirisha la sita nimeandika "plastiki" na kulizungushia duara.

Na juu ya hayo yote, mimi ndiye niliyemwambia mzee mwenye akili timamu kwamba anasahau. Nilijua kwamba hajasahau chochote, nikaandika hivyo kwa utani, kati ya suruali na busu la mtoto.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kumpa mhandisi, na ukurasa wa daftari. Nimeweka ya kwangu yote. La ndoo sikulitia, hilo ni lako, ulitoe au ulifiche ujuavyo. Nakala nyingine nimeituma kwa wakubwa wangu. Najua nitamwaga unga, na mhuri wangu wa upimaji wataninyang'anya, acha wachukue. Lakini kabla haijafika kwa mhandisi, msomee Mzee. Asijue kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kaka yako,
Bomba

*

Jumatatu, 29 Aprili

Kaka,

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe 25. Mzee alikuwa amesaini Jumatano. Nilimfichia miwani kama ulivyosema. Alikwenda kuazima ya mshona nguo. Nilipomuuliza kwa nini hakungoja mwisho wa wiki, alisema aliogopa akichelewa atasahau kwenda.

Nilimkuta mezani anabandika karatasi ndogo kwenye funguo, kila ufunguo na mlango wake. Nikamwambia, "Baba, nina barua ya kaka, naomba nikusomee." Akasema kama ni vichekesho nimsubiri mume wangu. Nikasema si vichekesho.

Nilisoma yote, hadi pale pa utani. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa plastiki." Nikarudia. "Tena." Nikarudia. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ndogo kabisa:

"Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima, baba. Hukulifungua."

"Sikulifungua."

"Hukulifungua."

Akacheka. Kaka, alicheka huku machozi yakimtoka, akipiga meza kwa kiganja, "Sikulifungua mimi! Nilisema sikulifungua!" Funguo zikamwagika chini na sote wawili hatukuziokota. Nilidhani yameisha. Kwa muda huo mfupi nilithubutu hata kutabasamu.

Halafu akatulia. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akaniangalia.

"Nje alikuwa kaka yako. Ndani alikuwa nani?"

Barua yako ilikuwa imeniachia mlango wa kupitia, naushukuru huo upendo, lakini sikuweza kupita. Nikasema, "Mimi, baba." Nikamwambia la mimba, la ndoo, la "bado".

"Nilipokuwa naandika hapa," akasema, akinionyesha kiganja, "ulikuwa unajua hukutazama?"

Nikasema ndiyo.

Alikwenda kwenye sinki akanawa ule mkono. Alisugua kwa sabuni na brashi mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akaja, akamtoa mtoto mikononi mwangu, akashuka naye ngazi kwenda juani. Hakunitazama. Nilisimama dirishani nikiwaangalia hadi miguu ikafa ganzi.

Ijumaa tulikwenda wote kwa mhandisi. Nilisema mbele yake, nikaandika, nikasaini, na safari hii nilisoma kila mstari kabla ya kusaini. Yale maelezo ya Mzee ameyachana mwenyewe. Ofisi yetu imenisimamisha kazi. Mume wangu ananisemesha kwa habari za nyumbani tu, chumvi imekwisha, mtoto amelala. Silalamiki.

Jumamosi Mzee alikwenda akawaomba wenzake vikombe vyake vya mpira. Leo asubuhi ametoka na ngazi, amekwenda kwenye jengo na mhandisi kulifungua lile dirisha. Hakuniambia anakwenda kutafuta nini. Anasema barua yako ataijibu mwenyewe, nisimshikie kalamu.

Tochi

*

Jumatatu, 6 Mei

Kwako Bomba,

Mimi si mwandishi, nitakwenda moja kwa moja.

Nimelifungua dirisha la sita mbele ya mhandisi. Kona ya juu, kushoto, ndani ya kiungo hakuna silikoni. Hakuna kabisa. Nafasi inaingia njiti ya kiberiti. Haikuchakaa wala haikukwanguliwa, haikuwekwa tangu mwanzo. Aliyetakiwa kuiweka ni mimi.

Nilipoitazama, siku yenyewe ikanirudia. Mrija wa silikoni uliniishia hapohapo kwenye kona. Nikashuka kuchukua mwingine, chini nikakutana na mtu wa mizigo ana vioo vimefika vimepasuka, tukabishana. Niliporudi juu nikaanza dirisha la saba. Basi. Kwa hiyo nilisahau kweli, ila si alivyosema mhandisi, wala si ulivyosema wewe. Nilisahau kama anavyosahau fundi yeyote mwenye vioo mia mbili mbele yake. Miaka thelathini na minane nimesahau vitu vingi hivyo, na kila mara alikuja mtu na maji akaniambia, "Mzee, hapa panavuja." Nikaona haya kidogo, nikaziba, tukaenda kula.

Nimemwambia mhandisi kosa la kwanza ni langu. Alishangaa. Nimemwambia ayaandike yote matatu, langu, lako na la mke wa mwanangu, kwa mpangilio yalivyotokea.

Wewe na dada yako mmeandika jambo moja, kila mtu kwa wakati wake, kwamba mlisaini kwa kuwa ni kazi yangu. Nimelifikiria sana hilo. Mlidhani mnaniheshimu. Kosa lile lingenichukua saa moja. Mngelipata, nisingepoteza kitu. Kwa kuniheshimu mmenifanya nimwogope mjukuu wangu mwezi mzima.

Dada yako yupo hapa. Nakula chakula chake. Jana nilimwomba anipitishie chumvi, leo nimemuuliza mtoto amelalaje. Tutafika, lakini kwa mwendo wangu. Wewe sijui, kwa sababu uko mbali na karatasi haina uso. Msamaha usiniombe kwa posta. Kwenye ule mkutano niliitwa mwongo mbele ya watu kumi na mmoja, na mhandisi amekubali kuwaita tena wote, tarehe 20. Uje uwaambie kwa mdomo wako.

Nasikia mhuri wako umesimamishwa. Njoo bila mhuri. Kona nimeiziba, nimeacha ikauke, na nimemwambia mhandisi pasipakwe rangi mpaka papimwe. Yeye alitaka kuleta watu wengine. Nimesema hapana, atapima yuleyule.

Ukifika usiangalie ni kazi ya nani. Pavue, upige maji dakika tano kamili, mimi nitakuwa ndani juu ya ngazi. Na ikivuja, mwanangu, andika imevuja, halafu unisomee kwa sauti.

Mimi,
Fundi Vioo